NAFUU YA KODI KWA MUME NA MKE: MWILI MMOJA, PIN MBILI

Haya ni mazungumzo yaliyotolewa kwa wanandoa wa Lokichoggio. Tunayachapisha kwa sababu wengi waliomba nakala, hasa ya zile hesabu zilizoandikwa ubaoni.

Wale wa kule mlangoni sogeeni mbele, kwa sababu leo kuna hesabu na nataka kila mtu aone ubao.

Mara nyingi hapa tunaongea juu ya maji, karo ya shule, au mifugo. Leo nimeombwa niongee juu ya kodi ya mapato, na hasa ile nafuu ya kodi ambayo watu wanasema mtu mwenye ndoa anastahili kupewa. Najua kuna mzee anajiuliza moyoni, "Kodi ya mapato inamhusu nini mtu wa Loki?" Inamhusu, mzee wangu. Tazama watu walioketi hapa. Kuna waalimu, wauguzi, madereva, walinzi, wafanyakazi wa kaunti na wa mashirika. Tena kuna akina mama wenye vibanda na maduka. Hao wote sheria inawajua.

Watu wakija ofisini na mambo ya kodi, mimi husikia maneno matatu. La kwanza: "Nikioa nitakatwa kodi kidogo, kwa sababu sasa nina mzigo wa familia." La pili: "Mzee wangu anafaili ritani kila mwaka, basi na yangu imo ndani ya hiyo yake." La tatu: "Bibi yangu hana mshahara, kwa hivyo ile nafuu yake niongezewe mimi." Ndugu zangu, yote matatu si kweli hapa Kenya. Na kila moja lina gharama. Nimeona nyumba zikipoteza pesa, na nimeona mume na mke wakigombana, kwa sababu hawakulijua jambo moja tu dogo. Jambo lenyewe ni hili: nafuu ya kodi hapa kwetu ni ya mtu, si ya ndoa. Kila mtu ana yake. Haigawanywi, haiazimwi, hairithiwi.

NAFUU NI KITU GANI?

Tuanze polepole. Chukua karatasi yako ya mshahara. Kuna mstari umeandikwa "Personal Relief", na mbele yake 2,400. Hiyo ndiyo nafuu ya kodi ya kila mwezi. Kwa mwaka mzima ni shilingi 28,800. Kiasi hiki kiliwekwa Aprili 2020. Kabla ya hapo kilikuwa shilingi 1,408 kwa mwezi.

Wengi wanafikiri kwamba hizo 2,400 zinaondolewa kwenye mshahara. Sivyo. Zinaondolewa kwenye kodi yenyewe, baada ya kodi kupigwa hesabu. Fikiria mtu ameamuliwa na wazee alipe mbuzi saba. Kisha wazee wanasema, "Wawili tumekusamehe, lipa watano." Hao mbuzi wawili ndio nafuu. Wametoka kwenye deni. Hawakutoka kwenye zizi lake. Na kama deni lilikuwa mbuzi mmoja tu, anasamehewa huyo mmoja na mambo yanaisha. Hawezi kusema, "Basi nipeni yule wa pili niende naye nyumbani."

Sasa tuangalie kodi inavyohesabiwa. Hapa natumia viwango vya mwaka 2025, kwa sababu ndio mwaka ambao ritani yake mwisho ni tarehe 30 Juni 2026. Shilingi 24,000 za kwanza katika mwezi zinatozwa asilimia 10. Shilingi 8,333 zinazofuata zinatozwa asilimia 25. Zinazozidi hapo zinatozwa asilimia 30. Kuna viwango vingine juu zaidi, asilimia 32.5 na 35, vilivyoanza Julai 2023. Lakini hivyo ni vya wale wanaozidi shilingi 500,000 kwa mwezi. Sijui kama kuna mmoja wao humu ndani leo. Akiwepo, tutamwomba atununulie soda.

Tuandike mfano. Mtu analipwa shilingi 45,000 mwezi wa Machi 2025. Kwanza kuna makato yanayotoka kabla ya kodi:

NSSF: 2,700.
Bima ya afya ya SHIF, asilimia 2.75: 1,237.50.
Kodi ya nyumba, asilimia 1.5: 675.

Tangu tarehe 27 Desemba 2024, pesa za SHIF na za nyumba zinaondolewa kwanza, kama NSSF, halafu ndipo kodi inapigwa kwa zile zinazobaki. Hapa zinabaki 40,387.50. Kodi yake ni 2,400 kwa daraja la kwanza, 2,083.25 kwa la pili, na 2,416.35 kwa la tatu. Jumla 6,899.60. Toa nafuu 2,400. Anakatwa 4,499.60.

Mmeona? Sasa tazameni jambo jingine. Daraja la kwanza ni 24,000 kwa asilimia 10, na hiyo ni 2,400. Nafuu nayo ni 2,400. Zimekutana sawasawa. Maana yake ni kwamba mtu ambaye mapato yake baada ya makato hayazidi 24,000 kwa mwezi halipi kodi ya mapato hata senti. Kila mtu anayeishi Kenya kisheria ana huo mlango wa 24,000, mwanamume kwa mwanamke, mwenye ndoa na asiye na ndoa.

ZAMANI ILIKUWA TOFAUTI

Wazee wanaosema kwamba ukioa unapunguziwa kodi hawakulitoa neno hilo hewani. Lilikuwa kweli wakati wao. Sheria ya Kodi ya Mapato ilitungwa mwaka 1973 ikaanza kazi tarehe 1 Januari 1974. Ilikuwa na nafuu ya familia na nafuu ya mtu asiye na ndoa, na ile ya familia ilikuwa kubwa zaidi. Lakini sheria hiyo hiyo ilisema kwamba mapato ya mke anayeishi na mume wake yahesabiwe kuwa mapato ya mume. Yaani mama akifanya kazi, mbele ya mtoza kodi ni kama baba ndiye aliyeifanya. Huo ulikuwa mtindo tuliourithi kwa Waingereza. Nao wenyewe walikaa nao mpaka mwaka 1990, ndipo mke akaanza kutozwa kodi kama mtu anayejitegemea.

Hapa Kenya mambo yalibadilika hatua kwa hatua. Mke akapata njia ya kupeleka ritani ya mshahara wake mwenyewe. Katika miaka ya 1990 zile nafuu mbili zikaunganishwa, ikabaki moja kwa kila mtu. Halafu ikaja Katiba ya mwaka 2010, ambayo katika kifungu cha 45 inasema mume na mke wana haki sawa wakati wa kufunga ndoa, wakiwa ndani ya ndoa, na ikivunjika.

Hapa Loki watu wengi walipata karatasi ya mshahara kwa mara ya kwanza wakati wa mashirika. Hospitali ya Lopiding ya Msalaba Mwekundu ilifunguliwa mwaka 1987, na mwaka 1989 zikaanza ndege za msaada za kwenda Sudan. Wakati ule mfanyakazi aliyeoa aliandika hivyo katika fomu za kazi, na kwa kodi ilikuwa na maana. Baada ya mkataba wa amani wa Sudan wa mwaka 2005 mashirika mengi yakahama. Lopiding ikakabidhiwa serikali ya Kenya mwaka 2006. Wafanyakazi wakatawanyika, lakini lile neno likabaki: "ukioa unapunguziwa." Leo ukiandika kwamba una ndoa, inasaidia mambo mengine ya kazini. Kwa kodi ya PAYE haibadilishi hata shilingi.

NYUMBA MBILI, PESA SAWA, KODI TOFAUTI

Sasa tufike mahali panapouma. Nitachora nyumba mbili ubaoni. Katika zote mbili mapato ya mwezi, baada ya makato, ni shilingi 48,000.

Nyumba ya kwanza: baba peke yake ndiye mwenye mshahara, 48,000. Mama anachota maji, anatafuta kuni, analea watoto, anamtunza nyanya mgonjwa. Kodi ya baba ni 9,183.35. Toa nafuu 2,400. Analipa 6,783.35 kila mwezi.

Nyumba ya pili: baba anapata 24,000, mama anapata 24,000. Kodi ya baba ni 2,400, toa nafuu 2,400, inabaki sufuri. Kodi ya mama vilevile, sufuri.

Kwa mwaka mzima nyumba ya kwanza imelipa shilingi 81,400. Nyumba ya pili haikulipa kitu. Watoto ni wale wale, na unga ni bei ile ile.

Mtauliza, je, hii ni haki? Nitasema pande zote mbili. Upande mmoja, nyumba ya pili wazazi wote wawili wanatoka asubuhi, na huenda wanamlipa msichana wa kuangalia watoto. Hizo gharama sheria haizioni. Upande wa pili, yule mama wa nyumba ya kwanza anafanya kazi tangu jogoo la kwanza, na sheria haimwoni kabisa. Nafuu yake ya 2,400 ipo kwenye kitabu, lakini hana mapato ya kuitumia, na mume wake hawezi kuichukua. Inalala tu.

Kuna nchi zilizoamua vingine. Ireland, walikotoka mapadre wa Kiltegan walioanza kazi hapa Turkana mwaka 1961, zamani mume na mke wakijumlishiwa mapato walilipa kodi kubwa kuliko watu wawili wanaokaa pamoja bila ndoa. Wanandoa wawili waalimu, wa jina Murphy, wakaenda mahakamani. Mwaka 1980 Mahakama Kuu Zaidi ya nchi hiyo ikasema kwamba sheria kama hiyo inaiadhibu ndoa, na haikubaliki na katiba yao. Siku hizi mume na mke kule wanaweza kuhesabiwa pamoja. Mwaka 2025 nafuu ya mtu mmoja ilikuwa yuro 2,000, na ya wanandoa yuro 4,000, hata kama mwenye kipato ni mmoja. Uingereza nao tangu mwaka 2015 wanaruhusu mke au mume mwenye kipato kidogo ampe mwenzake sehemu ya kiasi chake kisichotozwa kodi. Faida yake haizidi pauni 252 kwa mwaka, lakini ipo.

Kwa hivyo msije mkadhani kwamba mambo lazima yawe kama yalivyo kwetu. Sheria hutungwa na watu, na kila mwaka Bunge letu hujadili Sheria ya Fedha na wananchi huulizwa maoni. Mnaweza kuandika barua mkasema, "Mama anayelea nyumba naye ahesabiwe." Lakini mpaka sheria ibadilike, tuijue iliyopo tuitumie vizuri.

DUKA NI LA NANI?

Mfano huu unawahusu wengi hapa, kwa hivyo sikilizeni sana.

Baba ana mshahara, baada ya makato 480,000 kwa mwaka. Kodi yake ya mwaka ni 52,600. Mama anaendesha duka dogo. Yeye ndiye anayenunua mali, yeye anauza, yeye anajua nani ana deni. Faida ya duka kwa mwaka ni 180,000.

Sasa, leseni na PIN ya duka zikiwa kwa jina la baba, ile 180,000 inapanda juu ya mshahara wake na kutozwa asilimia 30 yote. Hiyo ni shilingi 54,000 zaidi. Duka likiwa kwa jina la mama, kama lilivyo kweli, kodi ya 180,000 ni asilimia 10, yaani 18,000. Nafuu yake ya 28,800 inaimeza yote. Mama halipi kitu.

Shilingi 54,000! Hapo ni karo. Na zimepotea kwa sababu tu siku ya kuchukua leseni baba alisema, "Andika jina langu, mimi ndiye mwenye nyumba."

Lakini nisieleweke vibaya. Sisemi baba mwenye biashara yake aihamishe kwa jina la bibi kwa ujanja ili aikimbie kodi. Huo ni uongo, na KRA wakiugundua mtalipa pamoja na faini. Nasema kazi iandikwe kwa jina la anayeifanya. Mama akiwa na leseni yake, PIN yake na kitabu chake cha hesabu, huo ni ukweli uliowekwa kwenye karatasi. Na siku baba akiondoka duniani, huyo mama hatatolewa dukani na mashemeji.

Jambo moja la kuangalia: hesabu hii ni ya duka ambalo mauzo yake hayafiki shilingi milioni moja kwa mwaka, yaani kama 2,740 kwa siku. Mauzo yakifika milioni moja mpaka milioni 25, kuna kodi nyingine inayohesabiwa kwa mauzo yenyewe, asilimia 3, na ile nafuu haiingii hapo. Kwa hivyo andikeni mauzo ya kila siku, hata kwa daftari la shule.

MTU MMOJA MWENYE KAZI MBILI SI WATU WAWILI

Kuna kijana anafanya usafi katika shirika moja mchana, na usiku ni mlinzi kwa shirika lingine. Kila mahali anapata 20,000 baada ya makato. Kila mwajiri amempa nafuu, na kila mwajiri haoni kodi ya kukata. Kijana anafurahi. Mwisho wa mwaka anajumlisha fomu mbili za P9, na mtandao unamwambia ana deni la shilingi 52,600. Anadhani ameibiwa.

Hakuibiwa. Mapato yake kwa mwezi ni 40,000, na nafuu ni moja. Kodi ni 6,783.35, toa 2,400, inabaki 4,383.35, mara miezi 12. Sasa linganisheni: mume na mke wenye 20,000 kila mmoja hawadaiwi kitu, kwa sababu hao ni watu wawili wenye nafuu mbili. Kijana wetu ana kazi mbili, lakini mwili wake ni mmoja. Kama una kazi mbili, mwambie mwajiri wa pili mapema asikupe nafuu na akukate kodi kamili, au weka pesa kando kila mwezi. Usingoje Juni.

MAHALI MKE AU MUME ANAPOINGIA

Je, hakuna kabisa mahali ndoa inahesabiwa? Pako pamoja, kwenye bima. Ukilipia bima ya maisha au ya afya, yako au ya mke au mume wako au ya mtoto, unapewa nafuu ya asilimia 15 ya malipo hayo, isiyozidi 5,000 kwa mwezi. Bima ya elimu pia inaingia, lakini lazima iwe ya miaka kumi au zaidi. Ukilipa 2,000 kwa mwezi, kodi yako inapungua 300. Kwa mwaka ni 3,600.

Hapa wanandoa wapange vizuri. Kama mama anapata 18,000 na halipi kodi, bima ikilipwa naye ile nafuu haimsaidii, kwa sababu hana kodi ya kupunguza. Ikilipwa na baba mwenye kukatwa kodi, inafanya kazi. Ombeni cheti cha malipo kwa kampuni ya bima kila mwaka, na mkipeleke kwa mwajiri. Tangu tarehe 1 Julai 2025 sheria inamtaka mwajiri aweke nafuu zote zinazokustahili anapokata PAYE. Lakini mwajiri haoti ndoto. Usipomletea karatasi, hajui.

Na mwenye ulemavu aliyesajiliwa, akipata cheti cha msamaha kutoka KRA, mapato yake ya mpaka shilingi 150,000 kwa mwezi hayatozwi kodi. Kuna watu hapa wanastahili na hawajaomba. Njooni tuwasaidie kujaza fomu.

PIN MBILI, RITANI MBILI

Kanisani tunasema mume na mke ni mwili mmoja. Kwa KRA mwili huo una PIN mbili. Kila PIN inataka ritani yake kila mwaka kabla ya tarehe 30 Juni, hata kama hukupata kitu.

Mama mmoja alikuja ofisini akilia. Miaka ya nyuma aliambiwa achukue PIN ili apate kazi ya vibarua. Kazi ikaisha, akasahau. Mume wake akawa anafaili yake kila mwaka, na wote wawili wakaamini kwamba ya baba inatosha. Siku mama alipotaka kibali cha KRA apate kazi nyingine, akakuta faini. Faini ya kuchelewa kwa mtu binafsi huanzia shilingi 2,000, na kila mwaka una yake. Miaka mitano ni 10,000. Mama huyo alikuwa hana hata mia tano. Baba akasema, "Kwa nini hukufaili?" Mama akajibu, "Si wewe ulisema umefaili yetu?" Hakuna aliyesema uongo. Hakuna aliyeelezwa.

Kwa hivyo, fanyeni hivi. Mmoja: kila mwenye mshahara adai P9 kutoka kwa mwajiri mwanzoni mwa mwaka. Pili: kila mmoja ajue nambari ya siri ya iTax yake mwenyewe. Msimwachie kijana wa saiba. Tatu: asiye na mapato yoyote afaili ritani ya sufuri. Nne: anayelipwa mshahara asifaili ya sufuri hata kama hakukatwa kodi, kwa sababu mapato yapo. Na tano: msingoje wiki ya mwisho ya Juni, mtandao wetu mnaujua. Wanaokwenda Lodwar wanaweza kuomba msaada katika Huduma Senta.

MASWALI YALIYOULIZWA

Mzee mmoja: "Mimi nina mabibi wawili na watoto tisa. Nina nafuu ngapi?"

Mzee wangu, unayo moja, 2,400, sawa na yule kijana asiye na mke. Watoto hawahesabiwi, wala idadi ya mabibi. Lakini kila bibi yako akiwa na mapato yake, ana nafuu yake kamili.

Kijana: "Sijamaliza mahari, na wazee wanasema bado hatujaoana. KRA itasemaje?"

Kwa nafuu ya kila mwezi KRA haiulizi, kwa sababu haitegemei ndoa. Lakini kwa bima ya mwenzako, kwa pensheni na mirathi, utaulizwa cheti. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inataka hata ndoa za kimila ziandikishwe. Kwa hivyo malizana na wazee, halafu muandikishe.

Mama: "Mwajiri wangu alinikata kodi bila kuweka nafuu miezi minne. Zimepotea?"

Hazijapotea, mama. Ukifaili ritani, nafuu ya mwaka mzima inahesabiwa, na kama ulikatwa zaidi unaomba kurudishiwa. Inachukua muda, lakini ni haki yako. Weka karatasi zote za mshahara.

Baba: "Mwalimu, ukitufundisha hivi mabibi watajua mishahara yetu yote!"

(Watu walicheka sana.) Sheria haikulazimishi kumwonyesha bibi yako P9. Lakini nawaambia kama mtu anayekaa na kesi za nyumba kila wiki: zile hesabu zote nilizoandika ubaoni, nani alipie bima, duka liwe kwa jina la nani, nani ana kazi ya pili, haziwezi kupangwa na watu wanaofichana. Ile 54,000 ya duka inapotea katika nyumba ambayo mume na mke hawajaketi pamoja na karatasi mezani.

Basi kazi ya nyumbani ni hii. Jioni moja wiki hii, watoto wakilala, kila mmoja atoe karatasi yake. Kama ni P9, kama ni daftari la duka, kama ni PIN tu. Muulizane: nafuu yangu inatumika? Yako je? Halafu Jumatano mje ofisini pamoja, wote wawili, tuangalie zile ritani ambazo hazijafailiwa. Viwango vinaweza kubadilishwa na Bunge mwaka wowote, kwa hivyo kila Januari tuulizane tena.